Nyumba Haionwi kwa Kusimama

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, nami leo nimeanza kulala kwenye kochi la mjomba. Sijui kipi kitakwisha kwanza.

Hosteli za chuo zimejaa. Karani aliniambia bila kuinua macho, "Zimejaa tangu mwezi uliopita, binti. Ulikuwa wapi?" Jibu nilikuwa nalo, tena refu. Nilitaka kumwambia kwamba barua yao wenyewe ilichelewa, na kwamba nilifunga safari siku ileile nilipoipata. Nikasema, "Asante." Ndivyo nilivyo. Nimesomeshwa kwa lugha mbili tangu darasa la kwanza, ya nyumbani na ya vitabuni. Nimezifaulu zote mbili, na zote mbili nazinyamazia. Mjomba ananiita Redio. "Redio, leo hakuna taarifa ya habari?" Halafu anacheka peke yake mpaka kikohozi kinamshika.

Baba kasema nitafute chumba chenye vitu vyake, yaani kitanda, meza na kabati. "Hatuwezi kununua kitanda cha miaka mitatu halafu tukibebe mgongoni." Na kodi isizidi kile anachotuma. Mji huu ni wa chuo, kila mwenye ukuta mmoja ameongeza wa pili apangishe wanafunzi, na kwa kiasi hicho mimi ni kama mtu aliyekwenda mnadani kutafuta ng'ombe akiwa na bei ya kwato.

Jumatano, 4 Machi

Mkaza mjomba kanisubiri nimalize kuosha vyombo ndipo akaniambia. Mama yake anakuja mwisho wa Aprili kutibiwa macho, na atalala hapo kwenye kochi.

"Sikufukuzi, mwanangu," alisema. "Kochi ndilo linalokufukuza."

Nikamwambia, "Sawa, Anti."

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Leo nimesema "samahani" mara kadhaa kwenye korido za chuo. Sijasema lingine.

Jumamosi, 7 Machi

Mjomba alinipa namba ya dalali. Nikaandika kwenye karatasi nitakachosema, nikakisoma mara tatu, nikapiga. Alipoitikia, karatasi ikawa kama imeandikwa na mtu mwingine.

"Haloo! Haloo! Nasikia mtu anapumua," sauti ikasema. "Unatafuta nyumba au unatafuta pumzi?"

"Nyumba," nikasema.

"Haya. Pumzi tutaipata hukohuko."

Watu wanamwita Mama Funguo. Ni mama wa makamo, mnene, anavaa viatu vya mpira, na mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja hivyo humlowesha bega la kushoto tu. Kiunoni ana shada la funguo. Unamsikia kabla hujamwona. Goti lake la kulia linamsumbua, na kila akikanyaga ngazi hulisema kama mtu anavyomsema mtoto mtukutu: "Haya, twende. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Chumba cha kwanza kilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya duka la vitabu. Nilisimama mlangoni, nikatazama, nikasema kizuri.

"Umekionea wapi uzuri? Keti."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kiti, kwani kiti kimewekwa kwa ajili ya nani? Nyumba haionwi kwa kusimama, mwanangu. Ukisimama unaona rangi ya ukuta. Ukikaa ndiyo unaona nyumba."

Nikakaa. Yeye akajishusha kitandani, chaga zikalia.

"Sasa nyamaza tuwasikie majirani."

Maisha yangu yote watu wananiambia sema, sema, mbona husemi. Huyu ni mtu wa kwanza kuniambia ninyamaze, tena kwa sauti ya kunipa kazi, na kazi yenyewe naiweza. Tulinyamaza. Mvua ilikuwa juu ya bati la jirani. Nyuma ya ukuta mtoto alikuwa anakariri hesabu za kuzidisha, na kila akifika saba mara nane anakosea palepale, anaanza upya.

"Huyo mtakuwa naye mpaka uhitimu," Mama Funguo akanong'ona, na mimi nikacheka. Nilijisikia nacheka.

Halafu akaanza kuniuliza. Nasoma nini? Nalala mapema au nachelewa? Mama yangu mpole au mkali? Naogopa panya? Anasema hampi mtu funguo asiyemjua. Nikajibu yote. Nilirudi kwa mjomba koo limenikauka kwa maneno.

Chumba chenyewe kilikuwa ghali. "Nifikirie," nikamwambia, na nilikuwa nasema kweli.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mhadhara wa asubuhi ulifutwa, nami sikujua kwa kuwa hakuna anayeniambia kitu. Nilikaa ukumbini peke yangu hadi mfagiaji akaniomba niinue miguu.

Alhamisi, 12 Machi

Mama Funguo kapiga mwenyewe. "Nimepata viwili. Jumamosi uwe na viatu vya maana."

Jumamosi, 14 Machi

Cha kwanza kinavuja. Beseni lilikuwa katikati ya chumba, na mwenye nyumba akatuambia lile ni sehemu ya vitu vya ndani. Mama Funguo alimjibu, "Basi na mvua nayo iandike kwenye mkataba." Tulicheka njia nzima.

Cha pili kilikuwa na kila kitu na bei ilikuwa karibu na yangu. Tuliketi, tukanyamaza. Jirani alikuwa mtu anayepiga chafya, na baada ya kila chafya anajitakia afya mwenyewe.

"Huyo anaishi peke yake miaka mingi," Mama Funguo akasema taratibu.

Nikasema nifikirie.

Jumamosi, 21 Machi

Vitatu leo. Tulipokuwa tunapita kinu cha kusaga alinionyesha mlango wa kijani nyuma yake. "Pale ndipo kwangu. Jumapili ukipita utaniona nafua. Siku sita za wenye nyumba, ya saba ya nguo zangu."

Nimemuuliza goti. Akasimama katikati ya barabara kunijibu: lilianza lini, mganga gani kasema nini, na jinsi linavyotabiri mvua kuliko redio. Tuliposema redio nikamweleza jina ninaloitwa kwa mjomba. Akanitazama. "Redio? Wewe unaongea kama bomba lililopasuka!"

Mimi!

Nimesema nifikirie, mara tatu. Sasa ananiita Bibi Nifikirie.

Jumapili, 22 Machi

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka.

Chumba cha mwisho cha jana kilikuwa kizuri na nilikimudu. Nilisema dirisha linatazama ukuta. Ni kweli linatazama ukuta, lakini ukuta umenikosea nini? Cha katikati nilisema choo kiko mbali. Hapa kwa mjomba choo kiko mbali zaidi, na usiku nakwenda na mwavuli.

Nikisema ndiyo, nitapewa ufunguo mmoja na lile shada litaondoka na mwenyewe. Hatapiga tena. Atapiga kwa nini? Kazi itakuwa imekwisha. Nitakuwa na kitanda, meza, kabati, na kimya. Kila nikisema nifikirie, najipatia Jumamosi nyingine.

Mama kapiga jioni. "Umepata rafiki huko?"

"Nimepata."

"Anasoma nini?"

"Mambo ya nyumba," nikasema.

Mama akafurahi. Alisema ni fani nzuri, watu hawaachi kujenga.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Mkaza mjomba kaniuliza kama nimepata. Nikasema vingi ni vibaya. Akautazama mfuko wangu uliobanwa nyuma ya kochi.

Jumamosi, 28 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Alinipigia asubuhi, sauti iko juu. "Bibi Nifikirie, leo hutafikiri. Leo nimekipata."

Kiko juu ya duka la fundi saa. Fundi mwenyewe ni mzee mwembamba, ana kile kioo cha jicho amekisukumia kwenye paji la uso kama jicho la tatu. Hakutusalimia kwa maneno, alitikisa kichwa tu, na nikampenda papo hapo kwa hilo. Vyumba vyake vya juu ni vitatu, na funguo zote tatu anazo Mama Funguo, anaziweka pembeni mwa shada kwa uzi mwekundu. "Huyu hampi dalali mwingine," aliniambia ngazini. "Miaka yote ni mimi na yeye. Yeye hapendi kusema, mimi nasema kwa ajili yake."

Kitanda kipana. Meza yenye droo inayofunguka bila kugombana nayo. Kiti chenye mikono. Pazia la njano lililofifia mpaka likawa kama maziwa. Kabati kubwa kwenye kona. Kodi iko chini kidogo ya kile anachotuma baba, na maji yamo humohumo.

Tukaketi. Tukanyamaza.

Mwanzoni nilidhani ni mvua inadondoka. Halafu nikaelewa kwamba ni saa, saa zote za dukani zinatembea chini ya sakafu, kila moja na mwendo wake, kama watu wengi wanaotembea mahali pamoja bila kusukumana. Nikafikiri: humu mtu hawezi kuwa peke yake kabisa.

Mama Funguo alikuwa ananitazama, ametabasamu kabla yangu.

"Eeh?" akasema. "Si nilikwambia?"

Niliona yote kwa mpigo mmoja. Niliona nikisema ndiyo, yeye akifurahi, akifungua ule uzi mwekundu, akinipa ufunguo, akishuka ngazi huku analisema goti lake. Na Jumamosi ijayo nikaiona, na ile ya baada yake.

"Nifikirie," nikasema.

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilikaa usoni kama mgeni aliyeambiwa wenyeji hawapo.

"Fikiria nini, mwanangu?"

"Zile saa. Sijui kama nitaweza kusoma."

Chini, mzee alimuuliza kwa macho. Mama Funguo akamwambia, "Mtunzie. Nakupa neno langu." Mzee akatikisa kichwa.

Jumatano, 1 Aprili

Simu. "Bibi Nifikirie, umefikiri? Mzee kawarudisha watu wawili kwa ajili yako."

"Bado kidogo, Mama."

Neno moja kabla ya kukata: "Haya."

Jumamosi, 4 Aprili

Nilimwomba tukione tena. Alikuja goti limefungwa kitambaa, ngazi alizipanda kwa kukaa kila mahali pa kupumzikia. Sikumwambia turudi. Alipofika juu aliketi kitandani, na kabla sijaketi mimi akawa amelala usingizi akiwa amekaa vilevile, mwavuli magotini, maji yanachuruzika sakafuni.

Nikakaa kwenye kiti chenye mikono. Yeye anakoroma polepole, saa zinatembea, mvua iko nje. Sijawahi kuwa na saa nzuri kuliko ile tangu nije mji huu. Naandika hivi nikijua ni aibu. Mtu amechoka kwa sababu yangu, nami nimekaa karibu yake nastarehe.

Alipoamka akajifuta mdomo. "Nimekoroma?"

"Kidogo."

"Basi hata mimi ningekipanga," akasema.

Nikamwambia nitamjibu Jumatano.

Jumatano, 8 Aprili

Nimemwandikia ujumbe: Hapana, saa zinanisumbua. Samahani Mama.

Hakujibu.

Jumamosi, 11 Aprili

Hakupiga. Kwa hiyo nilikwenda kusimama kwenye baraza la duka la vitabu, pale tulipokutania siku ya kwanza, bila kujua nasubiri nini. Akatokea saa sita hivi akiwa na mteja, kijana na mzazi wake. Aliponiona akawaambia watangulie.

Shada lake lilikuwa limepungua. Uzi mwekundu ulikuwapo, unaning'inia mtupu.

"Mzee kachukua funguo zake," akasema. "Zote tatu. Kampa dalali mwingine. Kasema neno langu siku hizi limekuwa jepesi."

"Pole, Mama."

"Pole nimeipokea. Sasa nijibu jambo moja. Wewe unataka nyumba?"

"Nataka."

"Hapana." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Anayetaka nyumba hufungua kabati. Kila mtu. Wakubwa, wadogo, hata mwizi. Anaingia, anazunguka, anafungua kabati aone nguo zake zitakaa wapi. Mimi nimekuingiza nyumba zote hizi, mwezi mzima huu wa mvua, na hujafungua kabati hata moja."

Nilitazama viatu vyake vya mpira.

"Cha kwanza nikasema ni aibu, mtoto wa watu. Cha pili nikasema aibu. Kwenye chumba cha yule wa chafya nikajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaniuliza goti langu. Wateja hawaulizi goti." Akageuka kuwatazama wale waliotangulia, wamesimama mvuani wanatusubiri. "Nikasema moyoni, akifika kwa mzee wa saa atakubali, pale hakatai mtu. Nilikuwekea kizuri mwisho. Na hicho nacho ukakikataa."

Nikataka kusema. Maneno yalikuwepo, kwa lugha zote mbili.

"Goti haliliwi, mwanangu. Mimi nakula kwa miguu. Kama ulitaka mtu wa kuzungumza naye, ungesema. Ungeniambia, Mama, niko peke yangu. Ningekuambia Jumapili nafua, lete nguo zako tufue. Bure! Beseni ninalo kubwa." Akafungua mwavuli wake uliovunjika ubavu. "Hukusema. Ukanitembeza."

Akaenda. Nilizisikia funguo mpaka mvua ikazifunika.

Jumapili, 12 Aprili

Nimepita karibu na kinu cha kusaga. Nikaona mlango wa kijani na kamba ya nguo, nikarudi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Nimeandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikautuma. Hakujibu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimepita dukani kwa fundi saa. Juu kulikuwa na taa, na taulo la bluu limetundikwa dirishani. Aliyepanga ni mtu wa darasa langu, yule wa miwani anayekaa mbele. Alinipungia mkono. Nikajifanya natazama saa za kioo cha duka, na mzee akadhani nataka kununua, akainuka. Nikakimbia. Mtu mzima, na begi mgongoni, nakimbia.

Jumanne, 21 Aprili

Bibi, mama wa mkaza mjomba, amefika kabla ya siku yake. Ni mwema, jicho moja limefunikwa, ananishika mkono na kuniuliza mimi ni nani. Nimehamia jikoni, kichwa karibu na mtungi wa gesi. Mjomba hakuniita Redio leo. Alileta blanketi lake mwenyewe akaliweka bila neno. Hilo ndilo lililoniliza.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimekwenda mwenyewe.

Nilichagua barabara ya hospitali kwa sababu hatukuwahi kuifikia. Kwenye nyumba ya tano au ya sita kulikuwa na kibao cha mkono: CHUMBA KIPO, KINA VITU. Nilipita. Nikarudi. Nikapita tena. Mbwa wa jirani alishanizoea, akaacha kubweka. Nikagonga.

Alifungua muuguzi, sare bado mwilini, macho mekundu. Anafanya zamu za usiku, mchana ndiyo analala. Nilikuwa nimemwamsha.

"Nimekuja kwa ajili ya chumba," nikasema, na sauti ikatoka nzima, sijui ilitoka wapi.

"Una kelele?"

"Sina."

"Unaleta wageni?"

"Sina wageni."

"Hata mmoja?"

"Sina mtu."

Alinitazama kidogo, kisha akasogea nipite.

Juu kuna vyumba viwili vinavyotazamana na ngazi. Changu ni kidogo. Kitanda chembamba, meza yenye mguu mmoja uliowekewa kigae, kiti kimoja, kabati la mbao lisilo na kioo. Kodi baba ataiweza. Muuguzi alisimama mlangoni anapiga miayo.

"Naomba niketi," nikamwambia.

"Ukae?"

"Kidogo tu."

Nikaketi. Nikanyamaza, nikasikiliza. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu. Hakuna mtoto wala chafya wala saa. Kile chumba cha pili ni kitupu, na utupu wake unasikika. Nilisubiri kama utapita, haukupita.

Kisha nikainuka, nikafungua kabati.

Lililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Muuguzi mwenyewe alishtuka, akacheka. "Hilo nimeshalitia mafuta mpaka nimechoka. Lina kinywa chake." Ndani kulikuwa na kiango kimoja cha nguo na harufu ya sabuni ya mtu aliyeondoka zamani. Niliona gauni langu la kijivu litaning'inia pale, na vitabu vitakaa chini. Niliona bila kujilazimisha.

"Nakichukua," nikasema.

Tulipokuwa tunashuka nikamuuliza, cha pili je? Akasema kimekaa kitupu miezi, hana muda wa kuonyesha watu mchana, na madalali ni wezi, mmoja alimletea mpiga ngoma.

Hapo nikasema. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba ni mimi niliyesema.

"Mama, yupo mtu mmoja namjua. Yule haleti mpiga ngoma. Kwanza anamkalisha. Anamwambia anyamaze, awasikilize majirani, na anamuuliza analala muda gani na mama yake yukoje. Hampi mtu funguo asiyemjua. Goti linamuuma na ngazi anapanda. Neno lake zito. Ukisikia limekuwa jepesi, ujue kuna mtu alilichezea, si yeye."

Muuguzi alikuwa ameshika kitasa, ameacha kupiga miayo.

"Hivi si umeniambia huna kelele?" akasema. Halafu, "Lete namba yake."

Jumapili, 26 Aprili

Nimehama. Mjomba kanibebea mfuko mpaka juu, akakaa kwenye kiti, akatazama huku na huku. "Redio imepata kituo chake," akasema. Akakohoa. Alipoondoka nikasikiliza viatu vyake mpaka mlango wa chini.

Mkaza mjomba alinipa sufuria. Ina kishikio kimoja, na ni ile aliyokuwa anaipenda.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua inapungua. Na hilo ni baya, maana sasa nasikia jinsi kulivyo kimya. Muuguzi analala mchana, na usiku hayupo. Nafungua kabati, nafunga, ili kitu kiseme.

Alhamisi, 30 Aprili

Yule wa miwani aliniuliza kama nimepata chumba. Nikasema ndiyo. Akasema chake kina saa nyingi, hapati usingizi. Nikamwambia asubiri, atazizoea, ni kama watu wanapita. Akasema, "Unajuaje?" Tukatembea pamoja mpaka kwenye geti.

Jumamosi, 2 Mei

Hakuna mvua. Nilikuwa mezani nasoma, au nimefungua kitabu tu.

Nikasikia funguo.

Zilianza chini, zikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kati yake sauti: "Haya, twende. Usinitie aibu mbele ya mgeni." Nilikaza mikono mezani. Zilifika juu. Zilisimama, na nikajua zimesimama katikati ya milango miwili. Halafu ule mlango mwingine ukafunguka.

Sauti ya msichana ikasema, "Kizuri."

"Umekionea wapi uzuri? Keti."

Kiti kikasogezwa. Chaga za kitanda cha upande wa pili zikalia. Kisha sauti ile, iko karibu na ukuta kuliko nilivyotarajia:

"Sasa nyamaza tuwasikie majirani."

Wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza, kwa mazoea, niwasikilize majirani pamoja nao. Ikapita kitambo ndipo nikaelewa kwamba jirani ni mimi.

"Mbona sisikii kitu?" msichana akauliza. "Hakuna mtu?"

"Yupo," Mama Funguo akasema. "Ngoja."

Nilitaka kuita, na sikujua niite vipi baada ya yote yale. Niliinuka. Nikaenda kwenye kona, nikafungua kabati, nikalivuta mpaka mwisho, likalia kilio chake chote.

"Mungu wangu! Nini hicho?"

"Kabati," Mama Funguo akasema. "Jirani yako anaishi humu kweli."

Waliongea mengine, kodi, maji, mwezi wa mbele. Msichana akasema, "Naomba nifikirie," na Mama Funguo akacheka mpaka funguo zikacheka naye. Msichana alishuka kwanza. Funguo zikatoka, zikafunga mlango, zikasimama mbele ya wangu. Hakugonga.

"Kesho Jumapili," akasema, kama mtu anayeliambia goti lake. "Nafua."

Kisha zikashuka. Nilizisikiliza mpaka chini, mpaka nje, mpaka barabarani.

Nimefungua kabati tena. Nimetoa shuka, taulo na gauni la kijivu, nimeviweka kwenye mfuko karibu na mlango.